Sinki la Ukutani: Likae, Lisivuje, Lisinuke



Mara hii hatuongei juu ya mbuzi wala mikopo. Tunaongea juu ya sinki.

Tunajua wengine watacheka. Sinki, katika nchi ambayo wakati wa kiangazi watu hungoja boza la maji tangu alfajiri? Lakini tangu korona ya mwaka 2020 kila shule, kila zahanati na kila hoteli ilihimizwa iwe na mahali pa kunawia mikono, na vikundi vyetu vingi vimechanga pesa kwa kazi hiyo. Tena kipindupindu kilichotangazwa nchini Oktoba 2022 kilifika Garissa, Wajir na Mandera, kwa hivyo hakuna haja ya kumwambia mtu yeyote wa hapa kwa nini mikono ioshwe. Shida yetu ni nyingine. Masinki yanawekwa, na baada ya miezi michache unayakuta yamezibwa kwa kitambaa, au yamejaa vumbi, au yameanguka.

Kikundi kimoja cha akina mama hapa Hadado kilituomba tuieleze habari yao bila kuwataja jina. Walichanga mwaka mzima kwa ajili ya chumba chao cha chekechea. Wakanunua sinki jeupe la kauri Wajir mjini, wakalifunga kwa blanketi mbili, likaja juu ya lori bila hata mkwaruzo. Fundi akapiga matundu mawili ukutani, akasukuma plagi za plastiki, akakaza skrubu, akapaka rangi. Likapendeza kweli. Siku ya kumi na nane likaanguka lenyewe, bila mtu kuligusa. Watoto walikuwa wametoka nje kunywa uji. Dakika kumi kabla yake walikuwa wamepanga foleni hapo hapo, wengine bila viatu.

Mama mweka hazina alituambia hivi: “Mwalimu, sisi tulililinda njia nzima kama mtoto mchanga. Kumbe adui alikuwa ukuta.” (Wanatuita mwalimu, ingawa hatujawahi kushika chaki. Tumezoea.)

Alisema kweli. Sinki lenyewe ndilo sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni ile isiyoonekana: kilicho ndani ya ukuta, kilicho chini ya sinki, na kule maji yanakokwenda baada ya mikono kuwa safi. Fundi akiharibu hapo, rangi haitamwokoa.

UKUTA

Sinki la kawaida la kauri lina uzito wa kilo 10 hadi 15, na mengine ni zaidi. Hiyo si mingi, mtasema, hata jerikeni la maji ni zaidi. Basi jaribuni hivi. Beba jerikeni la lita 20 ukilikumbatia kifuani, utatembea nalo. Sasa linyooshee mikono mbele, ulibebe hivyo, uone utafika wapi. Sinki la ukutani liko hivyo mchana na usiku. Limening'inia mbele ya ukuta, na kila mtu anayeliegemea akiosha uso anazidi kulivuta. Boliti za juu ndizo zinazoteseka.

Kwa hivyo swali la kwanza ni: ukuta wenu ni wa nini? Kama ni mabati au udongo, msitundike kitu. Jengeni nguzo mbili fupi za matofali, sinki likae juu yake. Haitakuwa sinki la ukutani, lakini litakaa. Kama ni blokisi zenye uwazi ndani, plagi ya plastiki haina cha kushika, inaelea tu kwenye tundu. Na kama ni yale mawe meupe laini ya huku kwetu Wajir, drili inaingia kama kwenye sabuni, fundi anafurahi, na skrubu hutoka kwa urahisi ule ule.

Dawa yake si ghali. Pale boliti zitakapoingia, fundi achimbe kwa tindo matundu mawili, kila moja upana wa kiganja na kina cha sentimita 15 hivi, na yawe mapana zaidi ndani kuliko nje. Afagie vumbi lote, alowanishe kwa maji, kisha ajaze zege nzito: sementi kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto ndogo vitatu. Boliti ndefu zichomekwe katika zege hiyo ikiwa mbichi. Je, zitakaa mahali sahihi? Wekeni sinki juu ya kipande cha katoni, chora matundu yake, toboa katoni, pachika boliti katika katoni na uipime kwa pima maji kabla zege haijakauka. Maji mtakayochanganyia zege, kama kuna ya mvua au ya boza yasiyo na chumvi, tumieni hayo, maana chumvi hula chuma kilichomo ndani.

Halafu mngoje. Siku 7, na kila siku zege ilowanishwe. Hapa ndipo vikundi vingi vinashindwa, kwa sababu fundi ametoka Wajir mjini, analipwa kwa siku, na anataka kurudi na gari la kesho. Mpangieni safari mbili. Ya kwanza ya ukuta na mabomba, ya pili ya kutundika. Nauli ya pili ni ndogo kuliko sinki la pili.

Wakati wa kukaza nati kuwe na washa ya mpira au plastiki kati ya chuma na kauri. Kaza kwa mkono, kisha kwa spana nusu mzunguko hivi, basi. Kauri haipindi. Ikizidiwa inapasuka, wakati mwingine si siku ile ile bali baada ya wiki, na kila mtu anashangaa. Kwa usalama zaidi mwambieni mchomeleaji awatengenezee mabano mawili ya chuma cha pembe yakae chini ya sinki, yapakwe rangi ya kuzuia kutu.

Kuhusu urefu: ukingo wa juu uwe sentimita 80 hadi 85 kutoka sakafuni kwa watu wazima, na 50 hadi 55 hivi kwa watoto wa chekechea. Mafundi hupenda kutumia kipimo kimoja kila mahali. Tumeona shule ambapo watoto wadogo hupanda juu ya tofali ili wafikie mfereji, na mtoto aliye juu ya tofali hujishikilia na nini? Na sinki.

Kuna jambo jingine, na hili fundi aliyefundishwa Nairobi au Thika hawezi kulijua mpaka aambiwe. Huku watu wanatawadha. Pakiwa na sinki, mtu ataosha mikono, atasukutua, ataosha uso, halafu atapandisha mguu juu ya ukingo wa sinki auoshe. Uzito wote wa mguu, na mara nyingi wa mwili mzima anapoegemea, unashuka pale pale ukingoni, mahali pabaya kuliko pote. Kumbe katika kile chumba cha chekechea ndivyo ilivyokuwa siku chache kabla, wazee walipokuja mkutanoni. Mzee mmoja hakuficha. Alicheka akasema, “Mimi nilipandisha mguu tu. Sasa mwalimu, mguu nitauweka wapi?”

Swali zuri, na jibu lake si kubandika karatasi ya “usiweke mguu”. Jibu ni kujenga mahali pa mguu. Kando ya sinki jengeni kijikaro kifupi cha sementi, ukingo wake sentimita 30 hivi, kiwe na mfereji wake wa chini na kiti kidogo cha kukalia kwa wazee. Maji yake yanaweza kuungana na ya sinki yakitoka. Pale palipo na kijikaro, hatujaona mtu akipandisha mguu juu ya sinki. Kwa nini ajitaabishe?

KIKOMBE CHA CHINI

Inameni chini ya sinki lolote lililowekwa vizuri. Mtaona bomba la kutolea maji halishuki moja kwa moja. Linajipinda kama shingo ya ngamia anapokula chini, au linaingia katika kikombe cha plastiki kisha linatokea ubavuni. Mafundi wanaita trapu. Wengine wanaiacha, wanasema ni kuongeza gharama na inaziba. Bomba likashuka wima hadi nje, maji yakatoka, kazi ikaonekana imekwisha.

Kazi ya trapu ni kubakiza maji kidogo. Kila ukinawa, maji ya mwisho yanabaki katika ile shingo, na yanakuwa kama kizibo. Maji mapya yanapita, lakini harufu, mende, nzi na hewa chafu kutoka shimoni haziwezi kurudi ndani. Ni akili ya siku nyingi. Alexander Cumming, fundi wa saa aliyefanya kazi London, ndiye aliyepewa hataza ya bomba la kujipinda namna hiyo mwaka 1775, kwa ajili ya choo. Bomba lile halina sehemu yoyote inayosogea. Maji tu.

Sinki lisilo na trapu linafanya nini? Tuliwahi kufanya kazi karibu na jengo moja la umma, tusilitaje, lenye chumba cha kujifungulia akina mama. Sinki lilikuwa zuri, la kisasa. Lakini chumba kilinuka mchana kutwa, na usiku mende walitokea kwenye tundu. Wafanyakazi wakaziba tundu kwa kitambaa, kitambaa kikafungwa kwa plastiki, na mwisho sinki likawekewa makaratasi juu. Mikono ikaoshwa kwa kikombe nje, ilipokumbukwa. Kwa ajili ya kikombe cha plastiki kisichokuwepo, chumba cha kuzalia kilikaa bila maji ya kunawa. Sisi wenyewe tulipita hapo miezi kadhaa tukidhani ni choo kinachonuka. Hatukuinama kutazama.

Kwa sinki la kunawia bomba la kutolea maji liwe la milimita 32, yaani inchi moja na robo, na maji yanayobaki ndani ya trapu yawe na kina cha milimita 75 hivi. Pungufu ya hapo yanakauka upesi au yanavutwa na maji yanayoporomoka. Chagueni ile ya kikombe kinachofunguliwa kwa mkono, kwa sababu kitaziba tu, mtake msitake. Watoto wanaweka mawe. Watu wazima wanatema vijiti vya miraa, tunajuana. Mkiona maji yanasita, wekeni ndoo chini, fungueni kikombe, mwageni uchafu, sugueni, rudisheni. Msitumie spana hapo, mkono unatosha, spana hupasua plastiki. Na kamwe msioshe kikombe hicho kwenye sinki lile lile wakati kimefunguliwa! Tumeona, na tumelowa.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi wa nchi kavu zaidi ya watu wengine. Kizibo cha maji hukauka. Hong Kong, mwezi wa Machi 2003, ugonjwa wa SARS uliingia katika majumba ya ghorofa yaitwayo Amoy Gardens. Zaidi ya watu 300 waliugua. Wachunguzi walipotafuta njia ya ugonjwa waligundua kwamba trapu za sakafu za mabafu mengi zilikuwa zimekauka. Watu walipangusa sakafu kwa kitambaa badala ya kumwaga maji, basi kizibo hakikuwepo tena, na feni za bafuni zikavuta hewa chafu kutoka kwenye mabomba na kuiingiza nyumbani. Hong Kong ni mahali pa mvua na unyevu. Hadado je, na jua hili na upepo huu? Shule ikifungwa Aprili, Agosti au Desemba, mkirudi mtakuta sinki linanuka na mtasema fundi alidanganya. Hakudanganya. Trapu imekauka.

Kwa hivyo mpeni mtu zamu. Kila juma la likizo amwage vikombe viwili vya maji katika kila sinki. Likizo ikiwa ndefu, baada ya kumwaga maji aongeze kijiko cha mafuta ya kupikia. Mafuta huelea juu ya maji na kuyazuia yasipae. Hakuna kazi ya kujitolea iliyo rahisi kuliko hiyo, na hakuna inayosahauliwa upesi kama hiyo.

MAJI YANAKOKWENDA

Kutoka kwenye trapu bomba literemke polepole, sentimita 2 kwa kila mita moja, hadi 4. Likiwa tambarare, uchafu wa sabuni unaganda ndani. Likiteremka mno, maji yanakimbia kwa nguvu na kunyonya kizibo cha trapu kikatoka nacho. Lisiwe refu pia. Sinki likae kwenye ukuta wa nje, bomba litoke mara moja, si kuzunguka chumba kizima.

Nje wengi huacha maji yamwagike chini. Wiki ya kwanza ni unyevu, wiki ya tatu ni tope, na mbuzi wanakunywa maji ya sabuni. Ngamia naye akionja chumvi pale hamtamwondoa. Wengine wanaweka pipa wazi lipokee maji. Pipa la namna hiyo ni shamba la mbu, na wenzetu wa Mandera wanaikumbuka chikungunya ya mwaka 2016.

Chimbeni shimo la kunyonya. Kwa sinki moja au mawili, mita moja kila upande na kina cha mita moja hadi moja na nusu linatosha katika udongo wa mchanga. Jazeni mawe makubwa chini, madogo juu, fikisheni bomba katikati ya mawe, funikeni kwa gunia la plastiki kisha udongo, mzungushie miiba. Kabla ya kuchimba, jaribuni udongo. Chimba tundu dogo lenye kina cha mkono, mwaga maji mpaka ardhi ilowe, kisha jaza tena na uangalie saa. Maji yakiisha katika nusu saa, vizuri. Yakikaa hadi jioni, hapo pana udongo mzito, tafuteni mahali pengine au mpanue shimo.

Umbali kutoka kisima chochote cha maji ya kunywa usipungue mita 30. Hapa tunawasihi hasa wale wenye jamaa Wajir mjini. Huko maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, ndiyo sababu mji ule ulitegemea vyoo vya ndoo kwa miaka mingi, maana shimo lililochimbwa huingia katika maji yale yale yanayotekwa visimani. Mahali kama hapo shimo la sinki lisichimbwe kwenda chini. Afadhali mfereji mfupi wa juujuu wenye kokoto, kuelekea kwenye miti. Hadado, tunakotegemea maji ya kisima kirefu cha pampu na ya silanga, hatari ni ndogo kidogo, lakini silanga nayo iko juu ya ardhi, kwa hivyo shimo lisiwe upande wa juu wake.

Akina mama wengi wanauliza: maji haya ya sinki si yanaweza kunywesha miti? Yanaweza. Mwarobaini unayavumilia, na mtende pia. Mmwagie mti huu leo na ule kesho, kwa sababu maji yetu yana chumvi, sabuni ina yake, na udongo unaopokea kila siku hugeuka mweupe na mgumu. Msiyamwagie sukuma wiki wala kitu kinacholiwa kibichi. Na maji ya sinki la chumba cha kuzalia au cha kufunga vidonda hayaendi kwenye mti wowote. Hayo yaende shimoni, yafunikwe.

MAJI YANAKOTOKA

Hapa tutakuwa wafupi, maana mafundi wengi wanaijua sehemu hii. Tangi likiwa juu ya mnara wa mita 2, nguvu ya maji ni ndogo, kwa hivyo bomba kutoka tangini lisipande na kushuka. Kila panapopanda, hewa inakwama na mfereji unakohoa tu. Tundu la kutolea maji tangini liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi ili matope yabaki chini. Bomba la chuma haliwezani na chumvi ya visima vyetu vingi. La plastiki ni bora, lakini jua hulifanya kavu likavunjika kama kijiti, basi lifukieni, na pale wanyama wanapopita kina kiwe sentimita 60. Ndani ya chumba sisi tunapendelea lionekane juu ya ukuta, limeshikwa kwa klipu kila nusu mita, limenyooka kwa pima maji. Fundi mwingine atataka kulifukia ndani ya plasta ili pawe nadhifu. Unadhifu ni mzuri, lakini bomba lililofichwa likivuja utajua ukuta ukishaoza.

Chini ya kila sinki kuwe na koki ndogo ya kufungia maji. Bila hiyo, washa moja ya mfereji ikiisha mnafunga tangi zima, na shule nzima inakaa na kiu kwa ajili ya kitu cha shilingi chache. Koki ifungwe na kufunguliwa mara moja kila mwezi, isije ikashikwa na chumvi. Mfereji usifunguke mpaka mwisho. Punguzeni maji kwa ile koki ya chini mpaka yatoke kama uzi wa kidole. Mikono inasafishwa na sabuni na kusugua, si na mafuriko.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Msimlipe kiasi cha mwisho siku ya kumaliza. Mlipeni kesho yake. Zibeni tundu, jazeni sinki, halafu achieni maji yote kwa mara moja, sikilizeni. Likiguguma mwishoni kama mtu anayemaliza soda kwa mrija, trapu inanyonywa, na mteremko urekebishwe. Kisha tandazeni gazeti kavu sakafuni chini ya viungo vyote, mlale. Asubuhi gazeti litasema lenyewe. Tone moja huacha alama ambayo hakuna fundi anayeweza kuibishia.

Mkikuta mfereji unadondosha, wekeni kikombe chini yake kwa saa moja, mpime, mzidishe mara 24. Kikundi kimoja kilifanya hivyo na kugundua kwamba mfereji wao ulikuwa unakunywa zaidi ya jerikeni moja kila siku mbili, wakati watu wao wananunua maji. Washa ilibadilishwa siku ile ile, kabla ya chai.

Mwisho fundi apake silikoni kwenye mstari ambapo sinki linakutana na ukuta, ili maji yasiteremke nyuma na kuozesha plasta. Na awaachie vitu vinne ndani ya kopo: washa za mfereji, mpira wa trapu, tredi tepu, na spana ya kutosha nati zile. Kopo likae kwa mweka hazina, si kwa mwalimu mkuu wala kwa mwenyekiti, ambao wanahamishwa au wanasafiri. Chagueni mwanachama mmoja, na kijana mmoja wa kike au wa kiume, wasimame kando ya fundi siku zote mbili na wafungue na kufunga kila kitu kwa mikono yao wenyewe. Akikataa, huyo si fundi wenu.

Akina mama wa chekechea wameanza upya. Wakati tunaandika haya, zege ya ukuta wao iko siku ya tano, na watoto wenyewe ndio wanaoilowanisha kwa zamu, kikombe kimoja kila mmoja, wanagombania. Safari hii wamenunua sinki la chuma kisichoshika kutu, jepesi zaidi, na kijikaro cha miguu kimejengwa kando yake, yule mzee akikijaribu kila anapopita ingawa hakijaungwa maji. Lile la kauri lililopasuka halikutupwa. Liko nje chini ya mwarobaini, kuku wanakunywa humo.